Samaki Wamekufa Wote Siku ya Nne, Nami Namshuku Dada wa Kazi

*Nakuandikia kutoka Mwakingali, Voi. Binti yangu mkubwa yuko shule ya bweni. Tangu shule yao iwapeleke Wasini akaona samaki wa rangi wakiogelea kwenye matumbawe, hana habari nyingine. Nilimwahidi kwamba shule zikifungwa Agosti atakuta tangi la samaki wa baharini sebuleni. Nikanunua tangi la kioo la lita 120, pampu, chujio na taa. Maji niliyatengeneza mwenyewe kwa chumvi maalumu ya tangi, yakawa maangavu kabisa. Kesho yake nikashuka Mombasa, nikarudi na samaki sita: kitatange wawili, kangaja mmoja, na wale wadogo watatu wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe. Nikawalisha asubuhi na jioni. Siku ya kwanza waliogelea vizuri. Siku ya pili dada anayetusaidia kazi akaniambia hawali, nikapuuza. Siku ya tatu wakapanda juu, midomo wazi, wakihema. Siku ya nne nilipoamka walikuwa wamekufa wote.*

*Nilipomuuliza, dada alikiri kwamba aliongeza maji ya mfereji, kama lita mbili, alipoona yamepungua. Nilimfokea mbele ya watoto na kumwambia nitamkata mshahara. Mke wangu naye anasema pesa zile zingelipa karo. Jirani ananishauri ninunue samaki wa bei ya chini "wafungue tangi", wakifa wafe, halafu nilete wazuri. Tangi nimeshalisugua lote kwa Jik. Sasa ni katikati ya Juni. Nifanyeje, na huyu dada nimfanyeje? — Baba Aliyevunjika Moyo*

Ndugu yangu, pole kwa hasara, na pole zaidi kwa ile ahadi ya mtoto inayokukaa rohoni. Naanza na swali lako la mwisho, kwa sababu samaki wamekwisha kufa, ila dada bado yuko nyumbani kwako na lawama ziko kichwani pake.

Hakuwaua. Lita mbili ndani ya lita 120 hazifiki hata sehemu mbili kwa mia. Klorini inayowekwa kwenye maji ya mfereji, ikitawanyika katika maji mengi kiasi hicho, hubaki kidogo mno, na samaki sita hawafi kwa hiyo. Tena alichokifanya ndicho kinachotakiwa. Maji ya tangi la bahari yakipungua kwa joto na upepo mkavu wa Voi, kinachoondoka ni maji peke yake na chumvi yote inabaki ndani. Ukijazia kwa maji ya chumvi, kila wiki tangi linazidi kuwa kali hadi samaki wanashindwa. Anayejazia kwa maji yasiyo na chumvi anayarudisha maji pale yalipokuwa. Dada alifanya hivyo bila kufundishwa, na kwa maelezo yako mwenyewe ndiye aliyeona siku ya pili kwamba samaki hawali. Katika nyumba yenu ni yeye aliyekuwa akiwaangalia kwa makini.

Mwombe radhi, na iwe mbele ya watoto walewale waliosikia ukimfokea. Mshahara mlipe kamili. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inamruhusu mwajiri kukata kiasi cha haki kwa hasara ambayo mfanyakazi aliisababisha kwa makusudi. Hapa hakuna makusudi, na hasara yenyewe hakuisababisha yeye.

Basi nani aliyewaua? Waliuawa na uchafu wa miili yao wenyewe. Samaki akila protini, naitrojeni inayobaki huitoa hasa kupitia matamvua ikiwa amonia, usiku na mchana. Baharini amonia hiyo huchukuliwa na maji mengi, na kuna viumbe chungu nzima vinavyoingojea. Katika tangi lako haikuwa na pa kwenda. Uliwaweka wageni sita katika nyumba ambayo choo chake hakijachimbwa shimo, ukawapa milo miwili kwa siku.

Tupige hesabu, maana hapa ndipo watu wengi hawaamini mpaka waone namba. Chakula cha samaki cha dukani huwa na protini karibu nusu ya uzito wake, na katika protini naitrojeni ni kama asilimia 16. Gramu moja ya chakula basi ina miligramu 70 na ushee za naitrojeni. Tuseme nusu yake tu ndiyo inayotoka kama amonia: miligramu 35 hivi. Zigawe kwa lita 120, unapata karibu miligramu 0.3 kwa kila lita, kwa gramu moja ya chakula. Ukiwalisha asubuhi na jioni kwa mkono wa ukarimu, gramu mbili kwa siku zinafika haraka, na chakula ambacho hawakukila kinaoza chini na kuongeza yaleyale. Siku ya tatu maji yako yalikuwa yanakaribia miligramu 2 za amonia kwa lita, nayo yakiwa maangavu kama siku ya kwanza, kwa sababu amonia haina rangi. Ndiyo maana nakuomba usiyapime tena maji kwa macho.

Maji ya bahari yana ubaya mwingine juu ya huo. Amonia hukaa majini kwa sura mbili, moja yenye madhara madogo na nyingine iliyo sumu kali, na kinachoamua ni pH na joto. Maji ya mto au ya bwawa yenye pH ya 7 yana sehemu isiyofika asilimia 1 katika ile sura ya sumu. Maji ya bahari, yenye pH ya 8.2 au hapo karibu, yakiwa na joto la nyuzi 25, huwa na karibu asilimia 7. Kiasi kilekile cha amonia ambacho tilapia wa bwawani angekivumilia, kitatange hakivumilii. Matamvua yanaungua, yanakuwa mekundu, samaki anashindwa kuvuta oksijeni na anapanda juu mdomo wazi. Ongeza na hili: maji ya bahari yenye joto la nyuzi 30 hushika oksijeni pungufu kwa karibu moja ya tano ukiyalinganisha na maji yasiyo na chumvi ya joto hilohilo. Dalili ulizoandika ni zenyewe kabisa.

Kinachokosekana katika tangi jipya ni viumbe vidogo visivyoonekana kwa macho, ambavyo kazi yao ni kula amonia. Kundi la kwanza linaigeuza amonia kuwa nitriti, na kundi la pili linaigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki huivumilia na wewe unaipunguza kwa kubadilisha sehemu ya maji. Sergei Winogradsky, mwanasayansi wa Urusi, alivitenga viumbe vya namna hii akiwa Zurich karibu mwaka 1890. Mwaka 2005 watafiti walitangaza jamii nyingine inayokula amonia, isiyo bakteria hata kidogo, wakaiita Nitrosopumilus maritimus. Waliipata katika changarawe za tangi la samaki wa nchi za joto kwenye nyumba ya maonyesho ya samaki huko Seattle, Marekani. Jamaa zake wamejaa katika bahari zote za dunia. Kiumbe kilichokuwa kikiisafisha bahari tangu zamani kilitengwa kwanza kutoka katika tangi la kioo. Mimi hilo hunipa moyo kila nikiwaza wafugaji wadogo wanaosumbuka na matangi yao.

Viumbe hivyo huja vyenyewe, ila huzaana polepole. Bakteria wanaoozesha chakula wanaweza kuongezeka mara mbili kwa muda usiofika saa moja. Hawa wetu huchukua nusu siku, wakati mwingine siku nzima au zaidi. Kwa hiyo kungoja kwako kutakuwa kwa wiki nne hadi sita, na hakuna pesa inayoweza kuzifanya ziwe siku tatu. Waliokuwa wameanza kushika katika tangi lako umewaua ulipolisugua kwa Jik. Haidhuru, walikuwa wachache. Suuza tangi kwa maji mengi, lianike juani mpaka harufu ya klorini iishe kabisa, na sponji ya chujio iliyoloweshwa kwa Jik itupe ununue nyingine. Kuanzia sasa chujio lisioshwe kwa maji ya mfereji wala kwa sabuni. Likiziba, likamue ndani ya ndoo ya maji yaliyotoka katika tangi lenyewe.

Ushauri wa jirani ukatae. Zamani wafugaji wengi walianza hivyo, wakiweka samaki wa bei ya chini ili amonia yao iwalishe bakteria. Wengine walikufa, na waliopona walipona na matamvua yaliyoungua. Kiumbe aliyetolewa kwenye mwamba wa bahari, akafungwa kwenye mfuko na kusafirishwa juu ya barabara ya moto, hastahili kuletwa sebuleni ili afe kwa kazi ambayo kipande cha kamba wa sokoni kinaiweza. Na mtoto atakapouliza wale wa kwanza walikwenda wapi, utamjibu nini?

Sasa maji. Mlioko Voi mna jambo moja la kuangalia kabla ya yote, nalo ni pale maji yanapotoka. Visima vingi vya ukanda huo wa chini vina chumvichumvi na madini mengine, na kwa tangi havifai. Kama bomba lenu linaleta maji ya Mzima, chemchemi inayochuja kupitia mawe ya volkeno ya vilima vya Chyulu kabla ya kusafirishwa hadi Mombasa, unaweza kuyatumia baada ya kuyaacha siku nzima katika pipa wazi pampu ikiyachemua, klorini itoke. Bora zaidi ni maji yaliyosafishwa yanayouzwa kwa mitungi ya lita 20. Ya mvua kutoka kwenye bati usiyatumie, kwa sababu bati hutoa zinki, na viumbe wa baharini hawaipendi.

Chumvi uliyotumia ilikuwa ya sawa, nawe endelea nayo. Nalisema hili kwa sababu wasomaji wengine watashawishika kupunguza gharama kwa chumvi ya Gongoni, ile inayovunwa kwenye mabwawa ya kukaushia kaskazini mwa Malindi. Ni chumvi ya bahari kweli, lakini maji yakikauka, chumvi ya kula hutangulia kuganda, na magnesi pamoja na madini mengine mengi hubaki katika maji machungu yanayomwagwa. Ukiirudisha majini hupati bahari, unapata maji ya kupikia. Ile ya dukani ya mezani ina kasoro hiyohiyo na mara nyingi imetiwa iodini. Kiasi unachokitafuta ni gramu 35 za chumvi kwa kila lita, na kipima chumvi chako kionyeshe 1.025 hivi. Changanya kwenye pipa, pampu ikizunguka usiku kucha, kisha upime.

Njia ya pili, ambayo watu wa pwani hatuna budi kuisema, ni kuteka bahari yenyewe. Kutoka Voi ni safari ya kama kilomita 150, na mwenye gari anaweza kurudi na madumu ya kutosha. Lakini teka mahali pa maana. Bandari ya Kilindini na ule mkono wa bahari wa Tudor hupokea maji machafu ya mji mzima. Karibu na Malindi, Sabaki inamwaga tope. Huo ni mto uleule ambao juu huitwa Galana, unaoanzia pale Tsavo na Athi zinapokutana, na Tsavo hulishwa na Mzima, kwa hiyo maji ya jirani yenu wenyewe huishia kuichafua bahari ya Malindi wakati wa mvua. Teka kwenye ufuo wazi ulio mbali na mito, maji yakijaa, wakati wa kaskazi bahari inapokuwa safi. Wakati wa masika usiteke kabisa. Mwezi huu kusi imeshika na bahari imevurugika, kwa hiyo kwako chumvi ya kuchanganya ndiyo njia salama.

Kuhusu mawe nitakuwa mkali kidogo. Usitoe jiwe baharini. Katika hifadhi za Malindi na Watamu zilizotengwa mwaka 1968, katika ile ya Mombasa na katika Kisite, kuokota ni kosa, na nje ya hifadhi pia mwamba umeumia. Joto la bahari la mwaka 1998 liliua sehemu kubwa ya matumbawe ya Kenya, na kuna sehemu ambazo bado hazijarudi zilivyokuwa. Matumbawe magumu yaliyo hai yako pia chini ya CITES, mkataba unaodhibiti biashara ya viumbe walio hatarini, kwa hiyo si kitu cha kutiwa mfukoni. Chukua mawe makavu ya matumbawe ya kale, yale yale yanayokatwa kujengea nyumba za pwani, mabaki ya kwa fundi, yasiyo na saruji wala rangi. Yana matundu mengi, na ndani ya matundu hayo ndimo bakteria wako watakamokaa. Wala usiende kuokota jiwe zuri huko Kasigau au Mwatate. Milima ya kwenu ina madini mengi ndani ya miamba, na ule ukijani wa tsavoriti unaosifiwa dunia nzima unatokana na vanadi na kromi. Jiwe la namna hiyo mahali pake si ndani ya maji ya chumvi. Shaba ndiyo mbaya kupita yote, kwa sababu kiasi kidogo tu chake huua kamba na konokono wa tangi.

Tangi likishajaa na mawe yakiwa ndani, washa pampu na isizimwe tena. Taa izime, haina kazi kwa sasa zaidi ya kulisha mwani. Weka kipasha joto, maana usiku wa Juni na Julai Voi una ubaridi na mchana jua ni lilelile. Unataka nyuzi 26 hadi 28 zisizopanda na kushuka, kama bahari yetu yenyewe inavyokaa sehemu kubwa ya mwaka.

Kisha walishe bakteria. Njia ya soko ni kamba mbichi mmoja, ukubwa wa kidole gumba, ndani ya soksi ya nailoni, unamning'iniza majini. Atanuka. Baada ya siku nne au tano, amonia ikishapanda, mtoe. Njia safi zaidi ni kloridi ya amonia, ile inayotumika katika maabara za shule. Kwa lita 120, kiasi kisichofika gramu moja kitakupa miligramu 2 za amonia kwa lita, na hicho kinatosha. Amonia ya kusafishia madirisha yenye sabuni na manukato usiitie. Na wala usipandishe zaidi ya miligramu 5 ukidhani unaharakisha, kwa sababu amonia ikizidi inawalemea hata wale wanaoila.

Nunua vipimo vya matone vya amonia, nitriti na nitrati. Najua bei yake inauma, lakini ni nafuu kuliko samaki sita wengine. Pima kila baada ya siku mbili, na namba ziandikwe kwenye daftari. Ningependa daftari hilo alishike dada, akikubali, kwa nafasi anayostahili na si kama adhabu. Jicho lake tumeshaliona.

Kitakachotokea ni hiki. Kwa siku nyingi amonia itakaa juu bila kusogea na utadhani umetupa pesa. Karibu na wiki ya pili itaanza kushuka, na nitriti, ambayo haikuwapo, itapanda kwa kasi. Hapo ndipo wengi hukosea kwa kuona amonia imeisha na kukimbilia Mombasa. Kwa bahati, chumvi ya bahari huwakinga samaki kiasi na makali ya nitriti, lakini tangi ambalo nitriti iko juu halijamaliza kujengeka. Ngoja. Nitriti ina ukaidi wake, inaweza kukaa juu wiki mbili nzima, halafu ikaanguka kwa siku mbili tatu. Kati ya hapo vioo na mawe yatavaa utando wa hudhurungi. Usiogope, na usirudie Jik. Ni mwani mdogo wa tangi jipya, huja na kuondoka.

Mtihani wa mwisho ni mmoja tu. Tia tena ile amonia ya miligramu 2, na baada ya saa 24 pima. Amonia sufuri, nitriti sufuri, nitrati imepanda: tangi liko tayari. Badilisha nusu ya maji ili nitrati ishuke, na samaki wa kwanza waingie ndani ya siku chache. Ukikawia, endelea kutia amonia kidogo kila siku, la sivyo bakteria watakufa njaa.

Kuna njia moja ya kweli ya kufupisha safari. Ukimpata mfugaji wa Mombasa au Nairobi mwenye tangi la bahari la zamani lenye afya, mwombe kipande cha sponji ya chujio lake au jiwe moja. Lisafiri likiwa limelowa maji ya bahari, kivulini, wala usilifungie muda mrefu bila hewa. Bakteria wameshikamana na sponji na mawe, kwa hiyo galoni la maji yake ya zamani halitakusaidia kitu. Chupa za bakteria zinazouzwa madukani baadhi yake hufanya kazi. Lakini iliyokaa dirishani juani ni maji tu.

Stima ndiyo adui ambaye hujamtaja. Tarehe 25 Agosti 2023 nchi karibu nzima ililala gizani kwa saa nyingi, na hata siku za kawaida Voi mnajua kukatikiwa. Bakteria hawa wanahitaji oksijeni kama samaki. Chujio lililofungwa likikaa saa kadhaa bila maji kupita, huanza kufa ndani, na stima ikirudi linamwaga uozo kwenye tangi. Pampu ndogo ya hewa ya betri ni lazima uwe nayo kabla hujawa na samaki hata mmoja. Stima ikipotea muda mrefu, fungua chujio na uweke sponji ndani ya tangi penye mapovu.

Sasa mama watoto. Ana haki ya kukasirika, na usimjibu kwa kununua samaki wengine. Mwonyeshe daftari. Mweleze kwamba kwa wiki sita zijazo hakuna shilingi itakayokwenda kwa samaki, na mkubaliane mapema, kabla ya Agosti, ni kiasi gani kitatoka na lini. Kwa binti nako sema ukweli siku ya kumtembelea shuleni: waliokuja kwanza walikufa kwa sababu baba alifanya haraka. Mtoto aliyezama miguu Wasini anaelewa kwamba bahari haijengwi kwa siku moja. Ukianza wiki hii, tangi litakuwa tayari mwishoni mwa Julai au mwanzoni mwa Agosti, na yeye ndiye atakayefanya ule mtihani wa saa 24 kwa mkono wake. Likichelewa mpaka katikati ya likizo, lichelewe.

Mkifika hapo, anzeni na wawili tu, wale wadogo wa rangi ya chungwa wanaokaa kati ya mikono ya anemoni. Hawahitaji anemoni ili waishi tangini, ni wagumu, na wakitunzwa huweza kupita miaka 10. Ngojeni wiki mbili au tatu, mpime, ndipo aingie wa tatu. Lita 120 hazina nafasi ya sita kama wale uliokuwa nao. Kangaja hukua na anataka kuogelea mbali, na kitatange wengi hula matumbawe hai, hawapati chakula chao sebuleni kwako. Hao waacheni Wasini, mkawatembelee.

Siku ya kuwaleta, safirini alfajiri. Mfuko wa samaki uliokaa juani kwenye foleni ya Mariakani au Maungu unapata joto haraka, kwa hiyo uwe ndani ya sanduku la povu. Mkifika, mfuko uelee tangini robo saa ili joto lilingane, kisha msikae sana kuongeza maji kidogo kidogo. Ndani ya mfuko uliofungwa pH hushuka kwa pumzi ya samaki na amonia inapungua makali. Ukifunguka, pH inapanda na sumu inarudi. Mtoe kwa wavu umweke tangini, maji ya mfuko yamwagwe nje.

Kenya ina biashara ya siku nyingi ya kuvua samaki wa mapambo, kuanzia Shimoni hadi Kilifi, wengi wao wakienda ng'ambo. Wavuvi wake wanatakiwa kuwa na leseni, na Sheria ya Usimamizi na Maendeleo ya Uvuvi ya mwaka 2016 ndiyo inayosimamia mambo hayo. Kwa hiyo muulize muuzaji samaki walivuliwa wapi, wako kwake tangu lini, na umwombe awalishe ukiwa umesimama pale. Asiyetaka kuwalisha mbele yako, au anayekwepa swali la leseni, usimwachie pesa zako hata akikupa kwa nusu bei.